Toa data ya mashine ya kushtua moyo kabla haijafutika

Haya jamani, karibuni, leo niko Mombasa na mashine hii ya kushtua moyo, wengi mwaijua kwa zile pedi mbili tu, yabandikwa kifuani, shoti, kisha yarudishwa ukutani. Kumbe ndani imerekodi mchoro wa moyo, dakika iliyowashwa, shoti ngapi, na zingine hurekodi hata vile mlivyokandamiza kifua.

Kwanza kabisa usiiwashe kuijaribu, usicheze nayo, kwa sababu kuna modeli ukianza tukio jipya lile la zamani lafutika, basi.

Pili, saa. Hapa ndipo watu huharibu. Weka mashine kando ya simu yako, mwenzako azipige picha zote mbili pamoja, kama mashine iko mbele dakika 7 andika dakika 7, usiirekebishe sasa hivi. Na fomu zetu hizi, mtu aandika saa 2, mashine yasema 20:00, mwengine asoma saa 2 akadhani ni usiku wa manane, kwa hivyo andikeni masaa 24 wote.

Tatu, chomeka kebo au kadi ya memori, zingine ni Bluetooth, hifadhi faili yenyewe kabla hujaifungua. Jina la mgonjwa usiweke kwa faili, weka namba ya tukio, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 si mchezo.

Sasa fungua mchoro. Tazama moyo ulikuwaje mwanzo, ulikuwa watetemeka ovyo ama umenyooka kama uzi, kwa sababu ulionyooka haupigwi shoti. Hesabu mikandamizo, yatakiwa 100 hadi 120 kwa dakika. Halafu tafuta mahali mikono ilitoka, kabla na baada ya shoti, isizidi sekunde 10. Mimi wallahi nilikuwa naapa tulisimama kidogo tu, kuja kuona mchoro, sekunde 23! Kila mtu alikuwa amsubiri mwenzake aanze. Tangu siku hiyo mtu mmoja kazi yake ni kusema "rudi kifuani".

Angalia pia kama mashine ililalamika pedi hazijashika. Na joto letu hili la Kaskazi mtu amelowa jasho, pedi yateleza, dawa yake ni taulo ya kufuta jasho na wembe wa kunyoa nywele za kifua, ndani ya begi.

Ukimaliza jaza fomu kwa mtindo wa Utstein, ule wa kimataifa wa kuandika visa vya moyo kusimama, uliochapishwa 1991: alionekana akianguka? nani alianza kukandamiza? shoti ya kwanza dakika ya ngapi? moyo ulirudi? alitoka hospitali hai? Usibahatishe, pasipojulikana andika haijulikani.

Kaeni na timu mtazame mchoro pamoja, asitafutwe wa kulaumiwa, la sivyo kesho faili "itapotea".

Mwisho rekebisha ile saa, weka pedi mpya, cheki betri, irudishe ukutani.