Uso wa Herekali

Mabibi na mabwana, karibuni. Kabla sijasema mengi, itazameni picha hii ukutani.

Ni sarafu ya dhahabu, upana wake kama milimita 20, uzito karibu gramu 4 na nusu. British Museum kule London wanazo za aina hii. Watu watatu wamesimama na mataji yao. Wa katikati ndevu zimemshuka kifuani, masharubu yamepita mashavu. Ndiye Heraclius, Kaizari wa Rumi, pamoja na wanawe wawili, katika miaka yake ya mwisho, 632 hadi 641.

Huyu si mgeni kwetu. Ndiye Herekali. Utendi wa Tambuka, uliotungwa kisiwani Pate na kuandikwa mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali. Tumemsikia kwa masikio karibu karne tatu, mfalme mwenye majeshi yasiyohesabika. Dhahabu hii inatuonyesha mzee. Mwaka 622, alipotoka kwenda kupigana na Waajemi, hazina ilikuwa imekauka. Akakopa vinara na vyombo vya kanisa kuu la Konstantinopoli, mji wake mkuu, vikayeyushwa, vikafuliwa sarafu. Waajemi akawashinda. Lakini sarafu ya picha hii ilipokuwa ikifuliwa, Sham, yaani Siria na jirani zake, ilikuwa inamponyoka mikononi mwa Waislamu.

Sasa tuigeuze. Msalaba juu ya ngazi tatu, na chini yake herufi CONOB. CON ni Konstantinopoli. OB ni obryzum, yaani dhahabu iliyosafishwa kwa moto. Hapo ndipo ilipo heshima ya sarafu hii. Tangu Kaizari Constantine, mwanzoni mwa karne ya 4, ratili moja ya Kirumi ilitoa sarafu 72, wala dhahabu yake haikuchakachuliwa hasa mpaka karne ya 11. Uzito wa kila moja ulihesabiwa mafungu 24, na fungu liliitwa keration, mbegu ya karobu. Waarabu wakasema qirati. Nyanya anapomuuliza sonara, "Hiki kipuli karati ngapi?", 24 anayoipigia hesabu imetoka hapa.

Waislamu walipoitwaa Sham, watu hawakuiacha dhahabu waliyoizoea. Khalifa Abd al-Malik bin Marwan alipoanza kufua yake kule Damaski, alifuata umbo lile lile. Baadaye, mwaka 77 wa Hijra, yaani 696 au 697, akaziondoa sura zote, yakabaki maandishi matupu. Dinari hiyo, ya gramu 4.25, habari zake zimeandikwa sana vitabuni, nami sitaikalia leo.

Ninayoipenda ni ile iliyotangulia. Picha ya pili, tafadhali. Watatu wale wale wamesimama, ila mataji hayana tena misalaba. Upande wa nyuma, ngazi zipo, lakini msalaba umekatwa mikono. Imebaki nguzo yenye tufe juu. Na kuizunguka nguzo, kwa Kiarabu, imeandikwa shahada.

Katika utendi wetu, Mtume (s.a.w.) anampelekea Herekali barua ya kumwita kwenye maneno hayo, naye anayakataa. Hapa, miaka kama 50 baada ya kufa kwake, yameandikwa mgongoni mwa sura yake.