Sato mgongoni: koti la jinzi, masalio ya kitenge na wavu chakavu wa dagaa

Karibuni wapendwa watazamaji. Leo tunashona sato mkubwa mgongoni mwa koti la jinzi, na vyote mnavyoviona hapa mezani vilikuwa njiani kwenda jalalani. Koti ni mtumba wa Mlango Mmoja, soko la Mwanza. Lina madoa mgongoni, ndiyo maana liliuzwa bei ya chini. Vipande hivi vya kitenge ni masalio ya fundi cherehani. Na huu hapa, roho ya kazi yetu, ni wavu chakavu wa dagaa kutoka kwa wavuvi wa Kirumba.

Kwa nini wa dagaa na si wa sangara? Macho, yaani matundu ya wavu. Wavu wa sangara una macho mapana, vipande vyetu vingechomoka vyote. Wa dagaa una macho madogo na uzi laini, kwa hiyo unashika kitambaa huku rangi zikionekana vizuri. Ila uombe, ndugu yangu. Wavu ulioanikwa juu ya mawe una mwenyewe. Wavuvi wengi watakupa kwa moyo mweupe kipande kisichoshoneka tena, na ni heri uje kwako kuliko kutelekezwa majini, maana nailoni haiozi upesi na wavu uliotupwa ziwani huendelea kunasa samaki wasio na wa kuwala.

Kwanza, kata vile vizito vya pembeni. Ni madini ya risasi, na risasi ni sumu: usivifanye vifungo, usiwape watoto wachezee. Mrudishie mvuvi, yeye anavihitaji.

Sasa shombo. Hapa msiwe na haraka. Loweka wavu kwenye maji ya baridi usiku kucha. Maji ya moto hupika ule utelezi wa samaki ukagandia kwenye nyuzi. Asubuhi fua kwa sabuni ya unga, suuza kwa maji yenye ndimu, anika juani. Ukikauka, unuse. Kama shombo ipo, rudia. Hakuna atakayekaa karibu nawe kwenye daladala kwa sababu ya uzuri wa sato wako peke yake.

Vitenge navyo vifue kabla ya kuvikata. Kipande chenye rangi kali kikandamize kwa kitambaa cheupe kikiwa kibichi. Kikiacha rangi, kiweke kando.

Tandaza koti mezani, ingiza gazeti nene ndani ili usije ukashona mgongo na kifua pamoja. Chora sato kwa chaki: mwili mpana, mkia mfupi, pezi la mgongoni lenye miiba. Kisha kata magamba, nusu duara zenye upana wa vidole viwili. Anza kuyapanga mkiani ukielekea kichwani, safu inayofuata ikilalia iliyotangulia, kama bati za paa. Ukianzia kichwani, magamba yatatazama kinyume, na mtu wa Mwanza ataliona kosa hilo kabla hujamsalimia. Rangi nzito zikae juu mgongoni, nyepesi tumboni, kama sato mwenyewe alivyo. Kila gamba lishike kwa tone la gundi ya unga wa ngano. Itatoka koti likifuliwa.

Tandaza wavu juu, uzidi mchoro kwa vidole viwili pande zote. Usiuvute ukakaza, jinzi itakunjamana. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kuanzia katikati ukienda pembeni.

Kushona kwenyewe: sindano namba 16, uzi wa poliesta. Tatizo la wavu ni kwamba mguu wa cherehani hunasa kwenye macho yake. Dawa yake ni karatasi nyembamba: iweke juu ya wavu, shona juu yake ukifuata kila safu ya magamba, halafu ichane taratibu. Wa kushona kwa mkono, vaeni subana, ile kofia ya kidole, jinzi ni ngumu kwa kidole. Ukingo ukate, uufunike kwa utepe wa kitenge. Tafadhali usiuchome kwa mshumaa ukiwa juu ya koti. Nailoni huyeyuka na kudondoka ikiwaka.

Pasi ipite ndani ya koti tu, juu ya kitambaa kibichi. Wenye pasi ya mkaa, ngojeni ipoe kidogo, maana haina pa kupunguzia moto.

Jicho la sato ni la mwisho, kwa kuwa halivumilii pasi kabisa. Kata duara kwenye kandambili iliyokatika, nyeupe chini, nyeusi ndogo juu, ushone msalaba katikati.

Koti hili lifuliwe kwa mkono, limegeuzwa ndani nje, bila brashi. Gamba likichomoka, ingiza jipya kupitia jicho la wavu kwa ncha ya sindano, kisha lishone hapo hapo. Huna haja ya kufumua kitu.