Usingoje Ujisikie Tayari Ndio Uende Mkutano wa AA

Asanteni sana, na nyinyi wazee mliokaa huko nyuma karibuni mbele, viti viko. Sitaongea juu ya ubaya wa pombe manake hakuna mtu hapa haujui. Nataka tuongee juu ya mtu aliyeamka asubuhi akasema mimi nimechoka na hii maneno. Huyo anaenda wapi? Hapo ndio tunawapoteza watu wetu, mtu anasema amechoka asubuhi, mchana hana pa kwenda, jioni unamkuta pale pale kwa keg.

AA, yaani Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wenye shida ya pombe wanaosaidiana kuacha, yenyewe ilianza na mtu kutafuta mwenzake wa kuongea naye. Mwaka 1935, mwezi wa tano, Bill Wilson, broka wa hisa kutoka New York, alikuwa Akron huko Ohio, dili ya biashara imemharibikia, yuko peke yake hotelini na baa iko hapo hapo. Alikuwa na miezi kama mitano hajaonja kitu. Badala ya kuingia baa akashika simu akaanza kupigia makanisa, mpaka akaunganishwa na daktari wa upasuaji anaitwa Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Daktari alikuwa amepanga kukaa dakika 15 tu, wakaongea masaa na masaa. Na huyo Dakta Bob aliacha halafu akaenda kongamano la madaktari akarudi kunywa, akaacha tena, na siku hiyo, 10 Juni 1935, AA wanaihesabu kuwa siku yao ya kuzaliwa. Yaani mmoja wa waanzilishi alianguka njiani! Kwa hivyo kijana wako akianguka wiki ya pili usimwambie ameshindwa, mwambie mkutano unaofuata ni lini.

Sasa unaupata wapi. Piga 1192, hiyo ni laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na hulipi kitu, uliza msaada ulio karibu na wewe. Uliza pia kitengo cha afya ya akili hospitalini, ama tafuta AA Kenya kwa intaneti. Ukipata namba, piga kwanza kabla ya kupanda matatu, manake vikundi huhama ukumbi na hubadilisha saa, na mtu aliyejikaza akafika akakuta mlango umefungwa ni vigumu sana kumtoa nyumbani tena. Uliza kama ni mkutano wa wazi, huo hata dada yako anaweza kukusindikiza, ule wa kufungwa ni wa wenye shida ya pombe peke yao.

Najua kinachowashika wengi ni aibu, ati jirani ataniona. Basi nenda mtaa mwingine! Ukikaa Umoja nenda wa upande wa Westlands, nauli ni nauli tu. Na yule utakayemkuta ndani naye amekuja kwa shida hiyo hiyo. Hakuna fomu, jina moja linatosha. Watu wanaongea mmoja mmoja, hakuna kukatizana, na ikifika zamu yako unaweza kusema leo nasikiliza tu, hakuna atakayekulazimisha. Hakuna kiingilio, kikapu cha mchango kitapita lakini wewe mgeni hata usiwaze. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. Mikutano mingi inakuwa kwa kumbi za kanisa, lakini AA si kanisa, zile hatua zao 12 za kuacha pombe zinasema Mungu kwa jinsi wewe unavyomwelewa, Mwislamu karibu, asiye na dini karibu.

Lakini hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtu anayekunywa kila siku, akikosa mikono inatetemeka, jasho linamtoka, huyo msimfungie kwa nyumba ati aache leo leo. Anaweza kupata degedege, anaweza kuchanganyikiwa akaanza kuona vitu havipo, na watu wanakufa hivyo. Huyo hospitali kwanza, daktari amtoe kwa pombe polepole akitumia dawa, mkutano utafuata.

Na usiende mara moja ukasema haikunisaidia. Vikundi havifanani, kingine kina wazee watupu, kingine Kizungu kingi, jaribu kadhaa mpaka upate unapopumua. Kuna ripoti ya 2020 ya Cochrane, shirika la watafiti wanaochambua tafiti za tiba, iliyokusanya tafiti 27 za watu zaidi ya 10,000, ikaonyesha kwamba kwa kuacha kabisa, wale walioelekezwa AA kwa mpango walifanya vizuri kuliko wengi waliopewa tiba zingine. Mimi naamini sehemu kubwa ni zile namba za simu unazotoka nazo mlangoni, na sponsa, mtu aliyeacha kabla yako ambaye unaweza kumpigia saa nne usiku kiu ikikubana.

Nyinyi mama zangu ambao mume hataki hata kusikia neno AA, msimngoje. Kuna Al-Anon, hiyo ni ya familia, unaenda wewe mwenyewe kwa ajili yako hata kama yeye bado anakunywa, ulizeni kwa njia zile zile nimetaja. Haya, naona mkono pale dirishani, uliza dada, na kama swali ni la siri nitabaki hapa nje mpaka wa mwisho aondoke.