Kampuni ya Eneo Huru Dubai: Nani Anakukagua Baada ya Leseni

Ndugu wafanyabiashara, pamoja na wahasibu mliofuatana nao, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kusajili kampuni katika maeneo huru ya biashara ya Dubai na Falme za Kiarabu kwa jumla. Usajili wenyewe ni kazi ndogo. Mawakala wanaoutangaza mitandaoni wanaujua vizuri, na ukilipa, leseni unaipata. Wanachokaa kimya nacho ni ukaguzi unaoanza siku ile ile leseni inapotoka. Kwa hiyo usajili tutaupitia mbiombio.

Eneo huru la Jebel Ali lilianzishwa 1985, pembeni mwa bandari. Leo Falme zina maeneo huru zaidi ya 40, na kila moja lina mamlaka yake, msajili wake na kanuni zake. Zamani watu walikimbilia huko kwa ajili ya umiliki, maana nje ya eneo huru mgeni alilazimika kuwa na mbia mwenyeji mwenye asilimia 51. Sharti hilo liliondolewa 2021 kwa shughuli nyingi. Kilichobaki ni forodha, kodi na viza, na hivyo vitatu ndivyo vya kupimia kama eneo huru linakufaa au la.

Kabla hujamlipa wakala hata dirham moja, chukua karatasi uchore njia ya mzigo wako. Unanunua wapi? Mzigo unashuka wapi, unalala ghala gani, anauchukua nani, na analipia kutoka benki ipi? Kama simu zinatoka Shenzhen na kwenda moja kwa moja Dar es Salaam au Mombasa, ghala la Jebel Ali hulihitaji. Kama unakusanya vipuri kwa wauzaji kumi, unavifungasha upya na kuvigawa Dar, Kampala na Lubumbashi, ghala hilo lina maana, kwa sababu ushuru wa forodha wa asilimia 5 haulipwi mpaka mzigo uvuke lango kuingia soko la ndani.

Usajili unakwenda hivi. Unachagua shughuli kwenye orodha ya mamlaka, na hutaruhusiwa kufanya kitu kisichoandikwa kwenye leseni. Unapendekeza jina, ukitumia jina la mtu, liwe la mmiliki, tena kamili, bila vifupisho. Unapata kibali cha awali, unakodi ofisi au meza ya pamoja, unasaini katiba ya kampuni, leseni inatoka. Baadaye kinafuata kitambulisho cha kampuni cha uhamiaji, halafu viza: kipimo cha afya, alama za vidole, kitambulisho cha mkazi. Idadi ya viza inategemea ukubwa wa ofisi, kwa hiyo mwenye meza ya pamoja asitegemee kuleta wafanyakazi wanane. Na mkumbuke kwamba viza ya kawaida ya ukaazi hubatilika ukikaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Dubai mara moja kwa mwaka ataipoteza bila kujua.

Kama mwenye hisa ni kampuni yenu ya nyumbani, hati za BRELA, msajili wa kampuni wa Tanzania, au za msajili wa Kenya, pamoja na azimio la bodi, zithibitishwe na mwanasheria, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Falme, na mwisho wizara yao kule. Ukiruka ngazi moja faili linarudi. Jambo dogo linalokwamisha mafaili mengi ni jina: pasipoti inasema majina matatu, hati ya kampuni mawili. Rekebisha nyumbani kabla ya kuondoka.

Sasa tuje kwa wakaguzi. Wa kwanza ni mamlaka ya eneo lenyewe. Inataka leseni ihuishwe kila mwaka, pango lisikatike, na maeneo makubwa yanadai hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi aliyeidhinishwa. Inatunza pia daftari la wamiliki manufaa, yaani watu wenye asilimia 25 au zaidi ya hisa au kura, au wanaoiendesha kampuni kwa njia nyingine. Uamuzi wa Baraza la Mawaziri namba 109 wa 2023 unayabana maeneo huru yote isipokuwa mawili ya kifedha, DIFC la Dubai na ADGM la Abu Dhabi, yenye kanuni zake. Mabadiliko yaingizwe ndani ya siku 15. Kumweka shemeji mwenye ukaazi awe mwenye hisa wa jina huku fedha zikitoka kwako ni jambo linalotakiwa kutamkwa wazi, si la kufichwa. Falme ziliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, Machi 2022 zikatoka Februari 2024, na tangu hapo hakuna anayechezea daftari hilo.

Mkaguzi wa pili hana cheo cha serikali, ila ndiye mkali kuliko wote: benki. Kampuni yenye leseni isiyo na akaunti haina kazi. Benki itaomba ankara, hati za shehena, mikataba, taarifa za akaunti yako ya nyumbani na maelezo ya chanzo cha mtaji. Andaa faili hilo kabla ya kusajili. Wengi hufanya kinyume, wakanunua leseni kwanza, na mwaka unaisha wakiwa hawajapokea malipo hata ya kontena moja.

Wa tatu ni Mamlaka ya Kodi ya Shirikisho, na hapa naomba tukae. Tangazo linasema “kodi sifuri”. Sheria ya kodi ya makampuni, inayotumika kwa miaka ya hesabu iliyoanza 1 Juni 2023 na kuendelea, inasema asilimia 9 kwa faida inayozidi dirham 375,000. Kampuni ya eneo huru inapata sifuri kwa mapato yanayostahili tu, yaani yale ambayo sheria imeyataja kuwa ya sifuri, tena ikitimiza masharti yote: iwe na watu, mali na matumizi halisi ndani ya eneo, iwe na hesabu zilizokaguliwa, ifuate kanuni za bei baina ya kampuni zenye uhusiano wa umiliki, na mapato yasiyostahili yasizidi asilimia 5 ya mapato yote au dirham milioni 5, kiwango kilicho kidogo.

Chukueni kampuni inayogawa simu kutoka eneo lililoteuliwa, yaani eneo huru lililomo kwenye orodha maalumu ya Baraza la Mawaziri, ikiwauzia kampuni za jumla nje ya nchi. Mapato ya mwaka ni dirham 4,000,000. Kati ya hizo, 250,000 ni simu zilizouzwa rejareja kwa watu binafsi waliopita ofisini, na hayo ni mapato yasiyostahili. Asilimia 5 ya milioni nne ni 200,000. Imevuka. Haikatwi kodi ya zile 250,000 peke yake: inapoteza hadhi kwa mwaka mzima, na kwa miaka minne inayofuata. Faida ikiwa 600,000, kodi ni asilimia 9 ya 225,000, yaani 20,250. Si fedha za kufilisi mtu, lakini mwenye kampuni hakuiweka kodi hiyo kwenye bei yake. Ndiyo maana nawasisitizia ankara ziandikwe jina la kampuni ya mnunuzi na namba yake ya usajili. Ankara ya “Juma wa Kariakoo” itakusumbua.

Angalieni pia kwamba si kila eneo huru ni eneo lililoteuliwa. Baadhi ya leseni za bei nafuu zinatoka maeneo yasiyomo kwenye orodha hiyo, na kugawa bidhaa kutoka huko hakuhesabiwi kama shughuli inayostahili. Mwenye mapato yasiyozidi dirham milioni 3 mara nyingi anafanya vizuri zaidi akiiacha hadhi ya sifuri na kuomba nafuu ya biashara ndogo, inayomhesabu kuwa hana faida ya kutozwa kodi na inayokoma kwa vipindi vinavyoishia 31 Desemba 2026. Vyote viwili kwa pamoja haviwezekani.

Kampuni mpya ijisajili kwa kodi hii ndani ya miezi mitatu tangu kuundwa, hata kama haijauza kitu. Faini ya kuchelewa ni dirham 10,000. Ritani ni ndani ya miezi tisa baada ya mwaka wa hesabu, na kumbukumbu zitunzwe miaka saba.

Kwenye biashara ya dhahabu kuna Wizara ya Uchumi na Utalii ya Falme pia. Mauzo ya fedha taslimu ya dirham 55,000 au zaidi yanaripotiwa kwenye goAML, mfumo wa kuripoti miamala ili kuzuia utakatishaji wa fedha. Wenye mzigo kutoka Geita au Bukavu waandae hati za asili ya dhahabu.

Mkaguzi wa mwisho yuko hapa hapa nyumbani. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania inaihesabu kampuni kuwa mkazi ikiwa uongozi na udhibiti wake unafanyika hapa. Kenya nayo ina kipimo kama hicho. Kampuni ya Dubai ambayo maamuzi yake yote yanafanywa Mtaa wa Congo, Kariakoo, kwa WhatsApp, inaweza kudaiwa kodi na TRA. Na ikiiuzia kampuni yako ya Dar kwa bei unayojipangia mwenyewe, forodha na kodi watauliza bei hiyo imetoka wapi. Vikao vya bodi vifanyike kule, kumbukumbu ziandikwe, na bei iwe na ushahidi wa soko.

Ukiamua kuacha, usiiache leseni ife yenyewe, faini zitaendelea kulimbikizana. Futa viza kwanza, teua mfilisi, omba kufutwa kwenye kodi ya makampuni ndani ya miezi mitatu na kwenye VAT ndani ya siku 20 za kazi, na akaunti ya benki ifungwe mwishoni, maana marejesho na madeni yote yatapitia hapo.