Fahali wa kijiji analishwa na nani? Mhadhara wa raga, Kakamega

Asanteni. Mnanisikia huko nyuma? Basi sogeeni mbele kidogo, mvua ikianza kugonga haya mabati mjue mhadhara umeisha, sauti yangu niliiacha kwa skrum, ile ya kusukumana, zamani. Mwalimu ameniambia nusu saa halafu chai. Nitajaribu.

Hii mada mmeniletea wenyewe. Kikao kilichopita kijana mmoja alisimama hapa akasema, tena kwa uchungu, ati timu za uwakilishi, zile za jimbo ama za taifa, ndizo zinamaliza klabu, kwamba tunalea mchezaji tangu akiwa Form 2, akianza kuiva anaitwa kambini, sisi tunabaki na mechi ya Jumamosi na jezi haina mwenyewe. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, mkataka tuandike barua ya kulalamika. Lakini nikiwa kwa bodaboda naenda nyumbani nikajiuliza, ni kweli kweli ama tumezoea tu kusema? Ndio nikaamua leo tusianze na Kenya, tutembee mbali kidogo mpaka kwa raga ya watu 13, raga ligi, kwa sababu wale jamaa wamegombania hili swali zaidi ya miaka mia moja na hawajachoka.

Kwa wale wanajua tu hii yetu ya watu 15 na ya watu 7: ile ya 13 haina laini-auti, ule mpira wa kurushwa kutoka nje ya mstari, ukiangushwa unasimama unauviringisha mpira nyuma kwa mguu, na mkishakabwa mara 6 mnawapa wenzenu mpira. Hiyo inatosha, sikuja kufundisha sheria.

Kitu ningetaka mjue ni vile ilizaliwa. Mwaka 1895, tarehe 29 Agosti, klabu zaidi ya 20 za kaskazini mwa Uingereza zilikaa kwa hoteli moja mji wa Huddersfield zikajitoa kwa chama cha raga. Ugomvi ulikuwa nini? Mshahara wa siku. Wachezaji wao walikuwa watu wa migodi na viwanda, Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, ukienda kucheza unakatwa. Klabu zikasema wacha tumlipe huyu mtu ile siku amepoteza, shilingi 6, wakubwa wa London wakakataa, mchezo ukapasuka vipande viwili mpaka leo. Yaani huu mchezo mzima ulianza na swali moja: siku ambayo mchezaji hayuko kazini, nani analipa?

Halafu Australia. Sydney mwaka 1907 kulikuwa na kinyozi anaitwa Alex Burdon, mchezaji mzuri, akaumia akichezea timu ya uwakilishi. Si klabu yake, timu ya uwakilishi. Kinyozi akiumia hashiki wembe, akakaa bila kazi wiki nyingi na waliomuita hawakumpa kitu. Hasira ya hiyo mambo ilikuwa moja ya sababu watu wa Sydney walianzisha ligi yao ya klabu ya raga ligi, ikaanza kuchezwa 1908. Mnaona maajabu hayo? Tunauliza kama mechi za uwakilishi zinazuia ligi ya klabu kukua, na pale ligi yenyewe ilitoka kwa jeraha la mechi ya uwakilishi.

Sasa ngojeni niwaletee karibu, maana naona wazee wa jamii ya Isukha wamekunja uso. Nyinyi mnajua vita vya ng'ombe, fahali kwa fahali, kuliko mimi. Fahali akitolewa asubuhi na ngoma za isukuti kwenda uwanja wa Khayega ama Malinya, ni wa nani? Akishinda ni wa Isukha wote, ama wa jirani zao Idakho wote, kila mtu anakimbia nyuma yake na matawi, hata yule jirani hajawahi kumkatia nyasi siku moja. Lakini mwaka mzima amelishwa na boma moja. Molasi ilinunuliwa na mtu mmoja. Na akirudi na pembe imevunjika jioni ile, isukuti imenyamaza, watu wameenda zao, anayetafuta daktari wa mifugo gizani ni yule yule mwenye boma. (Na tafadhali msiniletee ile methali ya fahali wawili na nyasi, nimeisikia kwa kila mazishi.) Mimi sijawahi kuona mwenye fahali akisema vita vya ng'ombe vifutwe. Anataka tu ijulikane fahali alilala wapi jana na atalala wapi leo.

Turudi Australia. Kule kuna jimbo la New South Wales, ndiyo Sydney, na Queensland, ndiyo Brisbane. Zamani kwa mechi ya majimbo ulichezea jimbo ambalo klabu yako iko, si kwenu. Sasa klabu za Sydney zilikuwa na pesa, na pesa ilitoka kwa mashine za kamari, maana New South Wales iliziruhusu kwa klabu mwaka 1956 na Queensland haikuruhusu mpaka 1992. Unaona hesabu vile inaenda. Kijana wa Queensland akiwa mkali ananunuliwa Sydney, halafu mechi ya majimbo ikifika anavaa jezi ya Sydney anarudi kupiga ndugu zake. Queensland ilichapwa miaka na miaka mpaka watu wakaacha kuja uwanjani. Kwa hivyo pale mambo yalikuwa kinyume na vile tunasema hapa, pesa ya klabu ndiyo ilikuwa inaua mechi ya uwakilishi.

Ikafika 8 Julai 1980. Wakajaribu kitu kipya, mara moja tu ya kuonja: kila mtu achezee pale alipoanzia mpira. Uwanja wa Lang Park, Brisbane, watu 33,210. Queensland ikaongozwa na Arthur Beetson, mtoto wa mji mdogo unaitwa Roma, tayari ana miaka 35, huko Sydney klabu yake Parramatta ilikuwa inamchezesha timu ya pili. Mzee. Na upande wa pili kuna Mick Cronin, mwenzake wa klabu ile ile, wanafanya mazoezi pamoja, wanaoga bafu moja. Na hadithi ambayo kila mtu Queensland atakuambia ni kwamba Beetson alimpiga Cronin ngumi. Wengine wanasema ilikuwa kibao kidogo tu, lakini hadithi ilishatoka. Watu wakaona kumbe hawa hawaigizi! Mal Meninga wa Queensland siku hiyo alikuwa anafikisha miaka 20, akapiga mikwaju 7 na yote 7 ikaingia. Ikaisha Queensland 20 kwa 10. Kutoka pale ikaitwa Stet of Orijini, yaani jimbo la asili, tangu 1982 inachezwa mechi 3 kila mwaka katikati ya msimu, na nchi yote inasimama Jumatano usiku.

Sasa swali lenu. Hiyo Orijini ilisaidia klabu ama iliumiza? Hapa ndipo nataka mnisikize, kwa sababu majibu ni mawili na yote ni ya kweli.

Queensland ilianza kushinda, watu wake wakaona kumbe tunaweza, na mwaka 1988 wakapata klabu yao kwa ligi kubwa ya Sydney, Brisbane Broncos, nyota wa Queensland Wally Lewis akiwa kapteni, mechi ya kwanza kabisa wakaitwanga Manly, mabingwa watetezi, 44 kwa 10. Ile ligi ya Sydney ikaanza safari ya kuwa ligi ya nchi nzima. Hapo huwezi kusema uwakilishi ulizuia klabu kukua.

Lakini enda uulize Fortitude Valley. Hii ni mitaa ya Brisbane yenyewe, klabu inaitwa Valleys, ya tangu 1908, Wally Lewis alipita hapo. Brisbane ilikuwa na ligi yake ya mitaa, tamu sana, fainali ya 1985 klabu ya Souths walishinda wenzao Wynnum-Manly 10 kwa 8, Meninga upande huu Lewis upande ule, kocha wa Souths ni Wayne Bennett. Fikiria hiyo mechi unaenda kwa miguu kutoka nyumbani! Miaka 3 baadaye wote watatu, Lewis, Meninga na Bennett, wako ligi kubwa, televisheni imewafuata, pesa imewafuata, ligi ya mitaa imebaki kama soko saa kumi na mbili jioni. Valleys yenyewe ilizama miaka ya 1990. Sisemi Orijini peke yake iliua, pesa ya Sydney ilikuwa inanyonya tangu zamani. Lakini Orijini ndiyo ilionyesha kila mtu kwamba hapo Brisbane kuna mali.

Kwa hivyo ukiniuliza kama mechi za uwakilishi zinazuia klabu, nitakuuliza klabu gani? Ile kubwa hulalamika na bado inanenepa. Angalia Penrith, klabu ya Sydney. Miaka ya 2021 mpaka 2024 wamechukua ubingwa mara 4 mfululizo, na kila mwaka kundi zima la wachezaji wao linaitwa Orijini. Wanaweza kwa nini? Kwa sababu nyuma yao kuna watoto kibao wa mtaa wanaokuja, ukichukua watano wanaingia wengine watano. Klabu ndogo ukiichukulia wawili umechukua timu.

Na hata huko kwa pesa zote hizo bado wanavutana juu ya kalenda. Mchezaji anagongana Jumatano usiku, klabu inamtaka wikendi, anakuja anachechemea. Wakaamua wiki za Orijini mechi za ligi zipunguzwe, timu zingine zipumzike. Mwaka 2018 walijaribu kusimamisha ligi wikendi nzima, Orijini ikachezwa Jumapili tarehe 24 Juni. Klabu zikasema poa. Televisheni haikupenda sana kuachia Jumatano yake, mnajua tena.

Kuna mahali naangalia kwa hofu kidogo, Papua New Guinea. Kule raga ligi ndio mchezo wa taifa, na 2028 wanaingiza timu kwa ligi kubwa ya Australia. Tayari wako na Hunters, timu ambayo inacheza ligi ya Queensland tangu 2014 na 2017 ilichukua kombe. Nafurahi nao sana. Lakini nawaza zile klabu za nyumbani, za milimani na za pwani, zitakuwa Brisbane ya 1985 ama zitakuwa Penrith? Itategemea kama kuna mtu atakumbuka boma la fahali.

Haya, nyumbani sasa.

Aprili 2016 Shujaa, timu yetu ya taifa ya watu 7, walichukua kombe la Singapore, fainali wakaipiga Fiji 30 kwa 7, nyinyi nyote mnakumbuka mlikuwa wapi. Jumatatu yake mimi nilifika uwanjani saa tisa nikapata watoto kama 40 wanangoja, wengine miguu tupu, kila mmoja anajiona ni Collins Injera, nyota wa Shujaa. Tulikuwa na mipira 2, na mmoja unavuja, unaujaza unacheza dakika kumi unakuwa kama chapati. Kufikia mwezi wa sita walikuwa wamebaki labda 12. Sasa hapo nani amezuia nini? Timu ya taifa ilituletea watoto 40 bure kabisa, hakuna tangazo lingeweza hiyo. Wale 28 walipotelea kwa mipira, si kwa kambi.

Lakini pia naweza kuwapa kisa cha upande ule mwingine. Klabu moja nilikuwa kwa kamati, jina sitalitaja, msimu fulani vijana wetu 3 waliitwa kambi ya uwakilishi na fiksha, yaani tarehe ya mechi yetu, haikusogezwa. Tuliomba kwa barua, tukajibiwa kwa simu, mjue hiyo maana yake nini. Tukaenda ugenini na watu 18 ndani ya matatu, mmoja wao alikuwa dereva. Tukachapwa vibaya, sawa. Shida ilikuja wiki ya pili, kijana mmoja akarudi kutoka kule kambini na bega limetoka, amepewa nauli na dawa ya maumivu. Yeye ni fundi wa mawe. Fundi wa mawe bega moja anajenga nini? Tulichanga kwa M-Pesa, mama mmoja wa sokoni alituma shilingi 50, na picha ya eksirei hospitalini tukalipa sisi, klabu ambayo haina hata nyavu za mipira. Alex Burdon wa Kakamega, bila mtu kuanzisha ligi kwa ajili yake.

Mpira wa miguu wameshaona hii. FIFA baada ya Kombe la Dunia la Qatar 2022 iligawia klabu dola milioni 209, klabu 440 hivi, kwa sababu tu wachezaji wao walikuwa kule. Hiyo si sadaka, ni kodi ya fahali. Najua sisi hatuna milioni 209. Lakini hata mipira 5 na bima ya bega ni kitu, na kusogeza fiksha ni bure, inataka kalamu tu.

Kwa hivyo ile barua mnataka tuandike, msinihesabu kwa ile ya kusema vijana wasiende. Kijana akiitwa aende, na mimi nitamsindikiza stendi. Andikeni mambo matatu basi. Klabu ikichukuliwa wachezaji 3 ama zaidi mechi yake isogezwe. Anayemuita mchezaji ndiye anamtibu, mpaka apone, na siku alizokosa kazi zihesabiwe. Na kila jezi ya taifa ikivaliwa, klabu ya kwanza ya huyo mtoto, hata kama ni timu ya shule huko Butula, itumiwe kitu, hata kama ni kidogo.

Nasikia mvua. Maswali tutafanya na chai, lakini yule wa kiti cha tatu ameinua mkono tangu mambo ya Beetson. Uliza haraka.

Ati yule fundi wa mawe? Amerudi. Bega linalia kukiwa na baridi, lakini sasa anafundisha wale watoto wadogo Jumamosi asubuhi. Mipira ni 4 sasa.