Saa tatu usiku na jua lawaka: nawajibu leo, tarehe mosi Juni 2025

Assalaam aleikum jamani, watu wa nyumbani hamjambo. Kabla sijasema neno hebu angalieni nyuma yangu, mwaliona lile jua pale juu ya paa la jirani, hapa Leeds, Uingereza? Haya, sasa naigeuza simu muone saa ya jikoni, hiyo hapo, saa tatu kasoro dakika tano, na ni usiku. Sijaigusa.

Nimeamua kuifanya vidio hii kwa sababu hili swali limenichosha, kila wiki mtu huja kwenye komenti akaniandikia dada wasema umetoka kazini usiku mbona kweupe, watudanganya. Na kuna mmoja aliandika eti mimi siko Uingereza kabisa, nimekodi nyumba Nyali, kule kule Mombasa, nafanya maigizo. Hilo liliniuma wallahi, kwa sababu nimekaa miaka sita sijalala hata usiku mmoja kwa mamangu pale Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, zaidi ya ile safari moja ya msiba, halafu mtu akwambie uko Nyali. Kwa hivyo leo naeleza, na sielezi kwa kuringa, jua si langu, wala silalamiki, nataka tu tuelewane.

Sisi Mombasa tuko karibu na ikweta, digrii 4 kusini tu, ndio maana mchana wetu ni saa 12, ukizidi au ukipungua ni dakika chache, Januari mpaka Disemba. Wazee wetu wakahesabu saa kwa jua lenyewe, likisha kuchomoza ikitimia saa nzima ndio saa moja, likikaribia kuzama ni saa kumi na mbili, hesabu imekamilika. Hiyo saa ya Kiswahili imeshonwa kwa kipimo cha kwetu. Ukiileta hapa Leeds, karibu digrii 54 kaskazini, haiingii. Leo jua limetoka kama saa kumi na dakika arobaini alfajiri na litazama saa tatu na dakika ishirini na tano usiku, karibu saa 17 za mchana! Na Disemba mambo hugeuka, saa mbili na robo asubuhi bado giza, saa kumi kasoro robo ya alasiri jua limekwenda zake. Mimi mwaka wa kwanza sikuwa najua hata niseme nini, nikiwa kwenye simu na mamangu namwambia sasa ni saa mbili ya usiku naanika nguo nje, ananyamaza, naona anafikiri mwanangu amepatwa na jambo.

Halafu juu ya hiyo kuna hili la kusogeza saa. Lilianza huku mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza, Wajerumani walitangulia kwa wiki chache Waingereza wakafuata. Aliyekuwa akilipigia kelele miaka yote ni mjenzi mmoja akiitwa William Willett, alichapisha kijitabu chake 1907 na akafa 1915, hakuliona. Kwa hivyo kila mwisho wa Machi saa zasogezwa mbele moja na mwisho wa Oktoba zarudishwa, na nyumbani hakuna anayesogeza kitu, ndio maana saa hizi tumepishana saa 2 na baridi ikija zitakuwa 3.

Na hili si la kujua tu kwa kujua, lina hasara. Mpwa wangu aliitwa kwenye intavyuu ya vidio na kampuni moja ya huku, barua yasema saa tisa kamili kwa Kiingereza, yaani saa tatu asubuhi ya huku. Mtoto wa watu kanyosha shati, kakaa mbele ya laptop saa tatu asubuhi ya Mombasa, huku ndio kwanza saa moja watu wamelala. Kangoja nusu saa, akaona hamna mtu, akafunga akaenda zake sokoni Marikiti. Kumbe intavyuu ilikuwa saa tano ya kwetu. Nilipiga kuwaomba wampe siku nyingine, wakanijibu barua yao ilikuwa wazi. Tafadhali nyie mnaotafuta kazi au shule huku, siku mkipewa saa ulizeni ni saa ya wapi, na mwezi gani, ulizeni hata mkionekana hamjui.

Haya. Sasa hivi tumo kwenye kumi la mwanzo la Mfungo Tatu, yaani mwezi wa Dhulhija, wiki hii tunafunga Arafa inshallah. Mwafahamu funga ya huku Juni? Wala sisemi ili mnionee huruma. Sala ya Magharibi ni karibu saa tatu unusu, na Isha ndio mashaka, kwa sababu siku hizi za kiangazi huku giza halikamiliki, hata saa sita ya usiku ukitazama upande wa kaskazini waona weupe kama wa alfajiri. Sasa Isha ni saa ngapi? Misikiti haikubaliani, huu wahesabu hivi, ule wahesabu vile, watu wa nyumba mbili jirani wanasali kwa ratiba mbili, na Alfajiri ndio hiyo karibu saa tisa. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, shifti yangu ni ya urefu wa saa 12, naingia saa moja asubuhi. Hesabuni wenyewe nalala saa ngapi. Nimechagua ratiba ya msikiti ulio karibu na mimi nikaishika hiyo hiyo, lakini hilo ni mimi, wewe ukija muulize shekhe wako, usiseme ulisikia kwa dada wa vidio.

Leo pia ni Siku ya Madaraka nyumbani Kenya, nimeona sherehe zimefanywa Homa Bay. Na ni siku kama ya leo 2017 abiria wa kwanza walipanda treni mpya pale stesheni ya Miritini, Mombasa, kwenda Nairobi, nauli ya chini shilingi 700, watu wakaona jambo kubwa, na mimi nakumbuka marehemu nyanya akisema reli si mpya, reli ilianzia kwetu. Alikuwa na haki, ile ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Ziwa Victoria 1901.

Lakini Madaraka yenyewe nataka niisimamie kidogo, maana shuleni tulifundishwa kwa mstari mmoja, 1 Juni 1963 Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu, Kenya ikajitawala mambo ya ndani, basi, kengele inapigwa watu wanakwenda brek. Hakuna mwalimu aliyetwambia kwamba siku ile Mombasa kisheria ilikuwa bado ni ya Sultani wa Zanzibar. Ule ukanda wa maili 10 kutoka baharini, Waingereza waliuchukua kwa mkataba wa Disemba 1895, wakawa wanauendesha wao na kumlipa Sultani kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, kama mtu aliyepangisha nyumba. Bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa ikipepea pale Ngomeni, yaani Fort Jesus, na ikaendelea kupepea Madaraka ilipokuja. Mwaka 1961 aliletwa Sir James Robertson kuchunguza huu ukanda uende wapi, akapendekeza uunganishwe na Kenya, na kulikuwa na watu wetu wa Mwambao waliotaka Pwani ijisimamie, na Ronald Ngala na chama chake cha KADU wakitaka serikali za majimbo. Maneno yalikuwa mengi mno mjini. Mpaka 8 Oktoba 1963 ndio mkataba ukatiwa saini London, Sultani akaachia, kwa ahadi kwamba mahakama za kadhi zitabaki. Miezi minne baada ya Madaraka! Sisemi haya kuchochea, mimi ni Mkenya na pasipoti yangu ni ya Kenya, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa na ni yetu kujua.

Na mkiniuliza kwa nini nazishughulikia tarehe hizi kila siku badala ya kuwaonyesha maduka, nitawaambia. Nilipotimiza miaka 18 nilikwenda kuchukua kipande, yaani kitambulisho. Wenzangu darasani waliotoka bara walipeleka vya wazazi wakapewa. Mimi nilipeleka cha baba, nikaambiwa lete cha babu. Nikaulizwa asili yenu ni wapi hasa. Mimi nimezaliwa Kibokoni, babangu kazaliwa Kibokoni, babu kazaliwa Kibokoni, nimjibu nini yule mtu? Nilirudi nyumbani nalia. Nyanya hakusema kitu, akafungua kasha, akatoa mkebe wa biskuti, ndani ya mkebe mfuko wa sukari, ndani ya mfuko karatasi imekunjwa mara nne, mikunjo imekatika ikabandikwa selotepu iliyokuwa imeshageuka rangi ya chai. Cheti cha kuzaliwa cha babu. Juu yake kimeandikwa kwa Kiingereza Colony and Protectorate of Kenya. Hiyo Colony, yaani koloni, ni bara, na Protectorate, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi, ndio sisi, ukanda wa Sultani. Neno moja tu, lakini aliyezaliwa upande wa Protectorate kwa sheria zao hakuhesabiwa raia wa Uingereza, alikuwa mtu aliye chini ya ulinzi wao, jina lake lilikuwa hilo. Nilikuja kulijua hili nikiwa huku, nikijaza fomu zangu mwenyewe.

Na fomu ndio maisha ya huku, hilo vidio nyingi hazisemi. Kila mwaka wa visa walipia ada ya afya, mwaka 2025 ilikuwa pauni 1,035, nje ya ada ya visa yenyewe, na hospitali hujaingia. Hiyo ni zaidi ya laki na nusu ya kwetu, kwa mtu mmoja, na visa ya miaka mitatu yote hulipwa kwa pamoja mwanzoni. Ukitaka kukaa moja kwa moja, kuanzia Aprili 2025 ada ilikuwa pauni 3,029. Na kima cha chini cha mshahara mwaka huo wa 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, kodi haijakatwa, nyumba haijalipwa, stima haijalipwa. Sasa Idi inakuja, nimeshapata jumbe kumi na moja za kuniomba mbuzi. Nitatuma, na nitatuma kwa moyo, lakini kuna jamaa yangu nilimwambia mwezi huu naweka pesa ya makaratasi ya visa akaenda akasema nimeringa tangu nivuke bahari. Mamangu ndiye aliyesikia maneno hayo mlangoni kwake. Mimi ningetukanwa mwenyewe ningenyamaza, ila mamangu asiambiwe.

Halafu jina. Sisi kwetu mtu ana jina lake, la baba, la babu, ukoo haumo hapo. Huku lazima liweko la ukoo, kwa hivyo jina la babu likawa ndio langu, mwanangu naye jina lake la mwisho ni la babu yake yeye, basi kwenye makaratasi mimi na mtoto niliyemzaa hatufanani hata herufi. Kadi zetu za plastiki za ukaazi zilipokwisha mwisho wa 2024 kila kitu kikahamia kwenye mtandao, na jina langu likatokea nusu, la babu peke yake. Uwanja wa ndege, kaunta ya shirika moja, nikaulizwa huyu mtoto ni wa nani. Nimemshika mkono. Yeye mwenyewe akajibu ni mamangu, na yule dada akasema asubiri mkubwa wake aje. Dakika arobaini tumesimama kando watu wanapita wanatutazama. Tangu siku hiyo natembea na cheti chake cha kuzaliwa na tafsiri yake kila safari. Nawashauri wenye watoto wafanye hivyo, ingawa kila mtu na safari yake, wengine hupita wala hawaulizwi.

Ile karatasi ya babu asli iko kwa mamangu, mimi nina picha, subirini niifungue. Mwaiona? Hapa mbele ndio tarehe ya Kizungu, wino umefifia. Yule mtu wa kipande aliangalia hapa akagonga muhuri. Sasa huu ndio upande wa nyuma, huu ndio nilitaka muuone leo. Huu mwandiko ni wa babake babu, ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nyanya alikuwa akiusoma bila miwani, hizi za Kizungu hakuzijua. Anasema amezaliwa mwanangu usiku wa kuamkia mwezi sita Mfungo Tatu, kusi ikivuma. Mwezi sita hapo si Juni, ni tarehe sita ya Mfungo Tatu, na kusi ni ule upepo wa kusini. Usiku wa kuamkia mwezi sita! Leo ni mwezi tano, Magharibi ikiingia saa hizi ndio usiku wenyewe. Na kusi nadhani hapo mlipo mnaisikia ikigonga madirisha.

Hakuna ofisi yoyote iliyowahi kuigeuza hii karatasi. Kama nyumbani mna vyeti vya wazee vimewekwa kwenye makasha, vigeuzeni muangalie nyuma kama kuna mwandiko, na kama yuko mzee aliyekuwa pale Ngomeni bendera nyekundu ikiteremshwa Disemba 1963 mkalisheni mumrekodi, hata kwa simu ndogo, mnitumie niiweke hapa kwa ruhusa yake.

Haya, hiyo apu ndio yaadhini, mmeisikia? Saa tatu na dakika ishirini na sita, na jua ndio hilo limeingia nyuma ya paa, tazameni. Nakwenda kusali.