Sheria Ilitaka Mlima Usimame: Fedha za Umma, Utafiti na Ardhi Iliyochimbwa Makaa ya Mawe

Mwenyekiti, walimu wenzangu, ndugu zetu mliosafiri kutoka Mbinga, na ninyi vijana wa mwaka wa kwanza mlioambiwa mahudhurio yatachukuliwa: Tumsifu Yesu Kristo, na asalamu aleikumu.

Nimeombwa nizungumzie fedha ambazo serikali hutoa kwa ajili ya utafiti wa madhara ya uchimbaji wa makaa ya mawe na urejeshaji wa ardhi. Muda mwingi nitakuwa Marekani, kwenye milima ya Appalachia. Huko serikali imetia mkono mfukoni kwa miaka mingi, na makosa yake yameshapimwa na kuandikwa. Ngaka, kwenye mgodi wetu wa makaa kule Mbinga, mkoani Ruvuma, nitafika, msiwe na wasiwasi.

Tarehe 26 Februari 1972, kwenye bonde la Buffalo Creek, jimbo la West Virginia, bwawa la mgodi lilipasuka baada ya mvua. Nasema bwawa, lakini lilikuwa taka za makaa zilizorundikwa tu kuziba kijito. Lita zipatazo milioni 500 za maji meusi ziliteremka asubuhi watu wakiwa majumbani. Walikufa watu 125, na zaidi ya 4,000 wakakosa pa kulala. Kampuni ikasema ni kazi ya Mungu.

Miaka mitano ikapita. Tarehe 3 Agosti 1977, Rais Jimmy Carter akatia saini sheria ya uchimbaji wa makaa wa juu ya ardhi. Iliweka mambo mengi; nitataja matatu. Mchimbaji lazima airudishe ardhi karibu na umbo lake la awali, na aweke dhamana kabla hajaanza kuchimba, ili akitoroka serikali iwe na cha kushika. Kila tani ilipiwe tozo, senti 35 kwa mgodi wa wazi na senti 15 kwa mgodi wa chini, fedha hizo zikasafishe migodi iliyotelekezwa zamani. Naona neno tozo limewaamsha. Hii haikukatwa kwenye simu ya mtu. La tatu ndilo lililonileta hapa: sheria hiyohiyo ilikuwa na sehemu nzima ya kuzisaidia taasisi za utafiti wa madini katika majimbo. Waliotunga sheria walijua kwamba kuamuru ardhi ipone ni jambo moja, na kujua inavyopona ni jambo lingine.

Tazameni kilichotokea. Sheria ilitaka mlima usimame usiporomoke. Wakaguzi, wakikumbuka maafa, wakahimiza kifusi kisawazishwe na kushindiliwa. Katapila zikapita, zikarudi, zikapita tena, mpaka uso wa mlima ukawa laini kama uwanja wa ndege. Juu yake zikamwagwa mbegu za nyasi zinazoota haraka. Ukisimama barabarani unaona kijani kitupu. Mkaguzi anaridhika, dhamana inarudishwa, kampuni inahamia mlima wa pili.

Miti haikuota. Miche ilipandwa, mingi ikafa, mingine ikadumaa. Mizizi ilishindwa kupenya, maji ya mvua nayo yakateleza juu badala ya kuzama, na zile nyasi za kuzuia mmomonyoko zikaikaba miche michanga. Watafiti walipokwenda kupima vifusi vya kabla ya 1977, vile vilivyomwagwa ovyo na kuachwa, wakakuta baadhi yake vina misitu iliyostawi kuliko ardhi iliyorejeshwa kwa kufuata sheria. Hebu fikirini aibu hiyo. Mtu aliyekaidi aliacha udongo tifutifu kwa sababu hakutaka kuchoma dizeli; mtu aliyetii akauua kwa katapila.

Jambo hili halikugunduliwa na mkaguzi, wala na mwenye mgodi, ambaye hakuwa na sababu ya kuuliza. Lilijulikana kwa sababu kuna watu walilipwa kukaa na vitalu vya majaribio kwa muda mrefu. Chuo kikuu cha Virginia Tech kimefanya kazi hiyo kusini-magharibi mwa Virginia tangu 1980. University of Kentucky kikaweka vitalu katika miaka ya 1990: hapa kifusi kimeshindiliwa, pale kimemwagwa kikaachwa. Mti haukupi jibu kwa mwaka mmoja wa fedha. Unakupa baada ya miaka 10, na mwekezaji wa kusubiri jibu hilo simjui, isipokuwa mfuko wa umma.

Mwaka 2004 ofisi ya shirikisho inayosimamia sheria ile, pamoja na majimbo ya Appalachia, ilianza kusambaza utaratibu mpya uliotokana na vitalu hivyo: udongo unaofaa mizizi, kina cha mita 1.2 hivi, usishindiliwe. Nyasi zichaguliwe zisizoikaba miche. Ipandwe miti ya kutangulia pamoja na miti ya mbao. Na wapandaji wawe wanaoijua kazi. Katapila inapita mara chache, dizeli inapungua. Yaani njia sahihi ilikuwa pia ya bei nafuu, na bado ilichukua zaidi ya miaka 25 kuifikia!

Maji nitayagusa kwa kifupi. Kwenye makaa na miamba inayoyazunguka mara nyingi kuna pairaiti, madini ya chuma na salfa. Yakiwa ardhini hayana neno. Yakifukuliwa yakakutana na hewa na maji, hutoa asidi, na asidi huyeyusha metali nyingine na kuzisukumia mtoni. Mto unakuwa wa rangi ya machungwa na samaki wanaondoka. Mgodi unaweza kufungwa leo, asidi ikaendelea kutoka kwa miongo.

Sasa upande wa pili wa fedha hizi. Mwaka 2016 wizara ya Marekani inayosimamia ardhi iliahidi takriban dola milioni 1 kwa Akademia za Taifa za Sayansi, zichunguze afya za watu wanaoishi karibu na migodi ya wazi ya Appalachia. West Virginia yenyewe ilikuwa imeomba. Agosti 2017, wiki ambayo kamati ilikuwa na mikutano na wananchi huko Kentucky, wizara ikaamuru kazi isimame: eti inapitia upya ruzuku zote zinazozidi dola 100,000. Utafiti haukukamilika. Mkaguzi wa ndani wa wizara baadaye alikuta zaidi ya dola 455,000 zilishatumika bila kuzaa kitu. Utafiti wa miti uliruhusiwa kuzeeka. Wa mapafu ya watu ulizimwa utotoni. Mimi sioni kuwa ni bahati mbaya.

Haya, Ngaka. Tangu mwishoni mwa 2021 makaa ya Ruvuma yamekuwa yakipakiwa melini bandari ya Mtwara, na vita vya Ukraine vikaongeza wateja. Sheria yetu ya Madini ya 2010 inatambua dhamana ya ukarabati wa eneo la mgodi. Vizuri. Ila dhamana ni tarakimu, na tarakimu hiyo inatokana na nini? Ni nani amepima gharama ya kuurudisha msitu wa miombo juu ya kifusi chetu, kwa mvua zetu za Novemba hadi Aprili na kiangazi kirefu kinachofuata? Zile mita 1.2 ni za milima yao na miti yao. Mninga haujaulizwa.

Maji ya bonde la Ruhuhu yanaishia Ziwa Nyasa. Kabla shimo halijapanuka inatakiwa vipimo vya asidi, chuma na salfeti, masika na kiangazi, vichukuliwe na mtu asiyelipwa na mwenye mgodi. Baadaye ukikuta mto umebadilika na huna kipimo cha awali, mwanasheria wa kampuni atakuuliza swali moja tu, na kesi itaishia hapo.

Pendekezo langu ni sehemu ndogo ya mrabaha wa kila tani ya makaa itengwe kwa utafiti wa aina hii, kwa mikataba isiyopungua miaka 10, ikae kwenye mfuko ambao waziri hawezi kuusimamisha kwa barua, na matokeo yabandikwe ofisi za vijiji kwa Kiswahili. Asilimia ngapi, hilo tubishane sasa hivi. Nimeambiwa mwenyekiti wa kijiji ana swali kuhusu vumbi la malori, na yeye ndiye aanze.